Kompyuta Iliyogoma Njiani

Kijiwe chetu pale mji wa Sultan Hamud kilikuwa ubao mmoja mnene, uliotolewa kwenye behewa bovu na kulazwa juu ya mawe mawili mbele ya duka la Nzuki, fundi wa redio, jina lake likiwa limeandikwa juu ya mlango. Asubuhi hiyo ya Agosti, mwaka wa 1996, upepo ulikuwa unaleta vumbi kutoka upande wa stesheni, na kila mtu alikuwa amefunika kikombe chake kwa kiganja. Mwisho wa ubao alikaa Mzee Mutiso, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, tuliyemwita Signali. Karibu naye alikuwa Mbuvi, aliyezunguka na malori kama utingo mpaka goti likakataa. Huyo ni Turniboi mpaka leo. Muktar alikuwa amechuchumaa kando ya jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi, na yeye hatukumpa jina lingine kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkasirisha mwenye kahawa. Nzuki mwenyewe hakukaa ubaoni. Alikaa ndani ya mlango, mezani, uso wake kwetu, na kwa vile alifufua redio ambazo wenyewe walikuwa wameshazitupa, tulimwita Daktari. Mimi ni Mbinya. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hiyo hiyo, hatua mbili kutoka mlango wa Nzuki, na mtoto wangu Mutindi, wa miezi saba, akilala kikapuni karibu nami.

Mkokoteni ukasimama mbele yetu. Ulikuwa umebeba kitu kikubwa kilichofungwa na blanketi la hospitali, na nyuma yake alikuja msichana wa yunifomu nyeupe, jasho likimtiririka. Alikuwa Sista Nthenya, nesi mpya wa dispensari kule juu. Alikuwa hajamaliza hata wiki mbili hapa.

— Fundi ni nani hapa?

— Daktari ni yule, akasema Turniboi. Kwani umeleta maiti?

— Nimeleta kompyuta.

Tulisimama wote. Kompyuta tulikuwa tumeisikia kwa redio, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kusimama karibu nayo. Wanaume wakaibeba kama wanabeba mgonjwa kweli, wakaiweka juu ya meza ya Nzuki: sanduku la rangi ya maziwa, kioo kama cha televisheni, na ubao wa herufi. Nzuki akaichomeka kwa stima. Ikanguruma kidogo, kioo kikaanza kuhesabu nambari haraka haraka, ikalia mara moja, halafu kimya. Kijistari kimoja tu kikabaki juu kwenye pembe, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

— Hapo ndipo inagoma, akasema Sista. Tangu Jumatatu. Tuliihamisha tu kutoka meza moja kwenda nyingine. Zamani ilikuwa inafika hapo, inaendelea. Sasa inafika hapo, inaganda.

— Umewahi kufungua moja, Daktari? akauliza Signali.

— Hii ni ya kwanza, Nzuki akasema. Lakini waya ni waya.

Akachukua bisibisi, akaanza kutoa skrubu za sanduku, akizipanga moja moja juu ya kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kupoteza skrubu ya mtu.

— Mimi naweza kuwaambia shida ni nini, akasema Signali. Hiyo mashine haijaharibika. Inangoja ishara. Treni ikisimama nje ya stesheni, abiria wanapiga kelele ati imeharibika, kumbe dereva anaona mkono wa ishara uko juu. Hako kajistari ndiko mkono. Mkono ukishuka, itaingia.

— Wapi! akasema Turniboi. Hiyo ni upepo kwa paipu. Gari la dizeli likiwa na upepo kwa paipu linawaka, linanguruma, linazima. Unalegeza nati, unatoa upepo, unapiga starti.

— Hii haitumii dizeli, akasema Signali.

— Kila kitu inanguruma inatumia kitu.

Muktar alimpa Sista kikombe cha kahawa. Akakiweka ubaoni bila kukionja.

— Sista, Muktar akamwambia, mbona haraka hivi? Hamwezi kuandika na kalamu kama zamani, hii itengenezwe polepole?

Sista Nthenya akakaa ubaoni. Akatoa bahasha mfukoni, akaishika bila kuifungua.

— Wagonjwa wetu wa kifua kikuu wako ndani ya hiyo mashine. Watu mia mbili na tatu. Majina yao, vijiji vyao, dawa wanazokula. Jumatatu nimepata barua kutoka maabara ya Nairobi. Kule hawaandiki majina, wanaandika nambari. Barua inasema mgonjwa nambari mia moja kumi na nane, dawa anazokula hazimshiki kabisa. Amekula miezi saba na ugonjwa unazidi. Abadilishiwe dawa mara moja, na watu anaokaa nao wapimwe. Mara moja, wamepiga mstari chini yake.

— Basi mwite, akasema Turniboi.

— Simjui! Ndiyo maana niko hapa. Nambari ninayo, jina liko ndani ya mashine.

— Na zile kadi? akauliza Signali. Bibi yangu alipokuwa anaenda kliniki, dispensari ilikuwa na makadi kwenye masanduku ya mbao, mpaka juu ya dari.

Sista akaigeuza ile bahasha mkononi.

— Zilichomwa.

— Ati nini?

— Kompyuta ilipokuja, mkubwa wa dispensari alisema chumba kisafishwe, wageni wanakuja kuiona. Kadi zote zikaingizwa humo, halafu zikachomwa nyuma ya jikoni. Nilikuta jivu tu.

— Wooi! akasema Turniboi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Watu mia mbili? Wakachomwa?

— Kadi zao.

— Ni hiyo hiyo! Sasa hawa watu wako wapi, kama si ndani ya hicho kisanduku?

Hakuna aliyecheka. Signali, ambaye alitunza vitabu vya stesheni miaka mingi, alikuwa amefungua mdomo kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema polepole kwamba kwa reli, mtu akichoma kitabu cha treni hata kama treni zote zimefika salama, anafungwa.

Nzuki aliinua kichwa kutoka kwa mashine.

— Nambari ngapi umesema, Sista?

— Mia moja kumi na nane.

— Mia moja kumi na nane, akasema. Akarudi kwa skrubu zake.

— Na huyo sista mwingine, aliyekuwa hapa mbele yako? Muktar akauliza.

— Sista Kalunde. Amehamishiwa dispensari ya Tulia. Nimepiga simu kule siku tatu, laini imekufa. Nimemtumia barua na basi.

— Mgonjwa mwenyewe si ako na kadi yake nyumbani? akauliza Signali.

— Anayo, na nambari imeandikwa juu. Lakini siku yake ya kuchukua dawa pengine ni wiki tatu zijazo. Mtu kama huyo, wiki tatu ni nyingi sana.

— Tangaza kanisani, akasema Turniboi. Jumapili pasta asome nambari. Mwenye nambari asimame.

— Nani atasimama? Muktar akamwuliza. Wewe ungesimama?

Turniboi akainama, akasugua goti lake. Siku hizo, mkumbuke, mtu akisikika ana kifua kikuu, watu walikuwa hawaishii hapo. Walisema ni ule ugonjwa mwingine umejificha nyuma yake. Nyumba ilikuwa inahamwa. Kule karibu na stesheni kulikuwa na mama mmoja aliyeuza maharagwe ya kuchemsha; lilipotoka neno moja tu kwamba amelazwa kwa kifua, alikaa na sufuria yake siku nne bila mtu kununua, siku ya tano akafunga.

— Mimi niseme ukweli, akasema Signali. Nikijua mtu ako nayo, kikombe yangu hatagusa. Hata kama ni ndugu yangu. Nitamsalimia kutoka ng'ambo ya barabara.

— Hata mimi, akasema Turniboi.

— Mzee, hauambukizwi kwa kikombe, akasema Sista.

— Nyinyi husema hivyo.

Mimi nilikuwa nashona yunifomu ya shule, nikasema yangu pia. Nilisema mtu kama huyo angekuwa na utu, angejitenga mwenyewe. Nilisema kwa sauti, ili nisikike juu ya cherehani. Maneno hayo ninayakumbuka yote.

Nzuki alikuwa ametoa kifuniko. Ndani kulikuwa na vumbi, na vibao vya kijani, na utepe mpana wa kijivu wenye nyaya nyingi zilizoshikana, unaotoka kwenye kibao kikubwa kwenda kwenye kisanduku cha chuma. Alipuliza vumbi, akakohoa. Tulikuwa tumezoea kikohozi chake. Alishatuambia ni moshi wa risasi ya kuchomea nyaya za redio, umemwingia kifuani miaka mingi, nasi tukamshauri anywe maziwa.

— Sista, Turniboi akauliza, hizi mashine pia hupata ugonjwa?

— Hupata virusi, Sista akasema, bila kufikiri.

Ungeona vile ubao ulivyobaki mtupu. Turniboi mwenye goti bovu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

— Virusi! Ya ukimwi?

— Hapana! Si hivyo. Ni jina tu, ni kitu kinachoandikwa ndani...

— Umeweka wagonjwa mia mbili ndani ya chuma kidogo hivi, akasema Signali, akirudi nyuma hatua moja, na unashangaa imeshikwa? Mimi nashangaa imeishi mpaka Jumatatu! Daktari, toa mikono huko!

— Niko sawa, Nzuki akasema.

Wakati huo treni ya mizigo ikatokea upande wa stesheni ya Kiu. Signali hajawahi kuacha treni ipite bila kuhesabu mabehewa, na alitufundisha wote ugonjwa huo. Wanaume wakageuka, Sista naye akageuka, wakaanza kuhesabu. Mimi sikugeuka, maana nilikuwa nafuata mshono. Nikamwona Nzuki anabonyeza ule utepe wa kijivu kwa kidole gumba, mahali ulipoingia kwenye kisanduku cha chuma. Upande mmoja ulikuwa umeinuka kidogo. Uliingia. Akawasha. Kwa kelele za treni sikusikia ikilia, lakini niliona kioo: ilihesabu, kile kijistari kikaja, halafu kijistari kikaruka, na maandishi yakaanza kushuka, mstari juu ya mstari, mpaka chini.

Ilikuwa imepona. Nilitaka kupiga makofi.

Nzuki akazima. Akashika ule utepe, akauchomoa taratibu, akauacha umeinuka vile vile kama alivyoukuta.

Treni ikamaliza kupita.

— Ishirini na sita, akasema Signali. Daktari, vipi?

— Bado, akasema Nzuki. Akawasha. Ikahesabu, ikalia, kijistari kikabaki kinawaka na kuzima.

Mguu wangu ulisimama juu ya kikanyagio cha cherehani. Nilimjua Nzuki miaka sita. Mtu akimletea redio ambayo shida yake ni betri tu, alikuwa anamwambia mama, nenda nyumbani, badilisha betri. Nikaamka kama naenda kuazima mkasi, nikainama karibu naye.

— Nzuki, nimeona. Imewaka.

— Nyamaza, Mbinya.

— Yule msichana anatafuta mtu anakufa! Unataka nini? Unataka kubaki na mashine?

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yameingia ndani sana, na yalikuwa mekundu. Nilidhani ni hasira.

— Nipe muda kidogo, akasema. Tafadhali, mwaitu.

Hakuwahi kuniita hivyo, mama yetu, kwa lugha ya nyumbani. Nikarudi kukaa, nimechanganyikiwa, nimemkasirikia.

Huko nje mazungumzo yalikuwa yamepanda mlima. Signali sasa alisema kuna kompyuta nyingine Nairobi kwenye laini moja na hii, na kila moja inangoja mwenzake ipite, na zitangojana hivyo mpaka mtu apande nguzo azitenganishe. Muktar, ambaye ndiye aliyekuwa na akili zaidi, naye akashikwa: akasema mashine hii ilitoka nchi ya baridi, na ng'ombe wa grade ukimleta hapa anasimama tu hivyo hivyo, macho wazi, hali majani, basi mashine ipelekwe chini ya mti alfajiri kabla jua halijapanda. Turniboi alitaka kuleta betri ya lori.

— Ya lori kubwa. Tunaishikisha waya mbili, positivu na negativu, tunaipiga mara moja. Ikikataa, tunaiweka kwa mkokoteni tunaisukuma kwa mteremko ule wa posta.

— Inaweza kusaidia, akasema Nzuki.

Sista akamgeukia.

— Kusukumwa?

— Inaweza.

— Si nilisema! akasema Turniboi.

— Na yangu ya laini? akauliza Signali.

— Hata hiyo, Mzee. Inaweza kuwa hiyo.

Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kumkubalia Signali hata akitaja saa. Nilimtazama, naye akainamisha kichwa.

Sista Nthenya alikuwa amechoka. Alifunika uso kwa mikono.

— Nyinyi mnacheka, akasema, ingawa hatukuwa tunacheka. Huyu mtu analala wapi sasa? Anakohoa kwa nani? Akikaa chumba kimoja na watu, kila siku, wanavuta hewa yake.

Nzuki akauliza, bila kuinua kichwa:

— Na kama ni mtu amejitenga, Sista? Kama halali na bibi wala watoto?

— Hata mchana. Hata wale anafanya kazi nao, wale anapiga nao hadithi. Kikohozi chake kinabaki hewani. Mtu mzima anaweza kukaa na ugonjwa miaka bila kujua. Watoto wadogo ndio unaowamaliza haraka. Mtoto wa chini ya mwaka, unaweza kumzika kabla hujajua anaumwa nini.

Kwa upepo ule, kikapu cha Mutindi nilikuwa nimekisogeza mpaka kwenye kizingiti cha Nzuki, mahali pasipo vumbi. Ndivyo nilivyofanya kila siku ya upepo. Siku nyingine mtoto alipolia mikono yangu ikiwa na kazi, Nzuki alikuwa anatingisha kikapu kwa mguu huku anachomea redio. Miezi ya nyuma alikuwa anambeba. Kisha aliacha kumbeba, na mimi niliona ni kwa sababu amekuwa mzito.

Nzuki aliangalia kikapu. Akaweka bisibisi chini.

— Mbinya, toa mtoto hapo, akasema.

— Kwa nini?

— Mtoe.

Nikamtoa. Nzuki akabonyeza ule utepe mpaka ukalia kidogo. Akawasha. Ikahesabu, ikalia, kijistari kikaja, kikaruka. Kabla yeyote hajafika mlangoni, alikuwa amekishika kile kioo kwa mikono miwili na kukigeuza kiangalie ukuta.

— Sista peke yake, akasema. Hayo ni majina ya watu.

— Imewaka? Imewaka! Signali alikuwa anapiga kelele. Mkono umeshuka!

Sista aliingia mbio. Tulisikia vidole vyake kwenye herufi. Alisoma. Halafu vidole vikasimama, na Turniboi akaacha kusherehekea. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama na mtoto begani niliona uso wa Sista ukigeuka, ukimtazama Nzuki, na Nzuki akitazama meza.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, ishirini na nne hivi. Alikuja mlangoni, akatusemesha kwa sauti ya kawaida kabisa.

— Ni mtu wa Kasikeu. Nitamfuata leo leo. Asanteni.

— Afadhali, akasema Turniboi, na akakaa. Kasikeu ni mbali.

— Mimi nilijua si mtu wa hapa, akasema Signali. Hapa tungemjua.

Sista alishaanza kufunga kioo kwa blanketi. Ingeweza kuishia hapo. Angempeleka hospitali kimya kimya, tungeambiwa amesafiri, na sisi tungeendelea kukaa na kukohoa. Lakini Nzuki alisimama, akatoka nje ya mlango, akapita mpaka upande ule upepo ulikokuwa unaelekea, ili usitoke kwake kuja kwetu. Hilo nililielewa baadaye.

— Mtu wa Kasikeu ni mimi, akasema.

Jamaa mmoja alipita na baiskeli, akatusalimia, hatukumjibu.

— Wewe nini? akasema Signali.

— Mia moja kumi na nane. Kadi iko chini ya mto wangu. Tangu mwezi wa kwanza. Nimekula dawa zote, sijaruka hata siku moja, Sista, naapa, sijaruka. Nilidhani nitapona kabla mtu hajajua.

Turniboi alitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake, akakiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kulipuka. Akainuka, akaenda, bila fimbo yake. Signali alibaki pale pale, lakini mkono wake ulikuwa unajifuta kwenye suruali, unajifuta tu, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Mimi nilikuwa nimembana Mutindi mpaka akalia. Nilikuwa nimerudi nyuma, tena mbali. Nzuki alituangalia mmoja mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukwepa macho yake.

— Kesho asubuhi, akasema Sista, nyinyi nyote mje dispensari. Wote. Na huyo aliyekwenda mwiteni. Na mtoto.

Tulikwenda. Niwaambie mapema msikae na wasiwasi: mtoto wangu alipimwa, akapewa dawa ya kumkinga miezi sita, na leo ni mama wa watoto wawili. Turniboi hakuwa na ugonjwa, wala Muktar, wala mimi. Aliyepatikana nao ni Mzee Mutiso. Alipona kwa dawa za kawaida, maana wake haukuwa ule sugu wa Nzuki, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema habari ya kikombe. Nzuki alilazwa Nairobi karibu mwaka na nusu, akichomwa sindano kila siku mpaka sikio moja likaacha kusikia, akarudi amenenepa, akafungua duka. Redio alizitengeneza akiwa amezilaza upande wa sikio zima.

Lakini siku ile yenyewe haikuwa imekwisha.

Tukiwa bado tumesimama hivyo, Sista akimwambia Nzuki achukue nguo zake, alikuja mwanamke kutoka upande wa barabara ya Kasikeu. Alikuwa mwembamba, mrefu, amefunga kitambaa cha kichwa kwa nguvu, na anatembea kama mtu anayekwenda kupigana. Muktar alimtambua kabla yangu.

— Ni Syokau, akasema. Bibi ya Nzuki.

Mwezi wa pili Nzuki alimrudisha Syokau nyumbani kwao Kasikeu pamoja na watoto watatu, bila kusema sababu. Kijiwe kilikuwa kimeshakata kesi hiyo zamani: Nzuki ana mwanamke. Turniboi hata alikuwa anamjua mwanamke mwenyewe, rangi yake na mahali anapouza. Na maneno yale yalikuwa yamefika Kasikeu, maana Syokau alisimama mbele ya ubao akatuuliza sisi, hata hakumtazama bwana yake.

— Huyo mwanamke ako wapi? Nimekuja nimwone. Nimwone tu.

— Syokau, akasema Nzuki.

— Wewe sijakuuliza.

— Syokau, usinikaribie. Hakuna mwanamke. Nilikuwa nakohoa damu. Sikutaka watoto washikwe.

Alimgeukia. Alimwangalia kuanzia miguu, akapanda mpaka kwenye mabega, ambayo koti lilikuwa linaning'inia juu yake kama liko kwenye msumari, mpaka kwenye shingo, mpaka usoni. Alikuwa hajamwona miezi sita. Mdomo wake ulifunguka. Mfuko aliokuwa ameubeba ukamteleza, viazi vikatoka, vikabingirika mpaka chini ya ubao.

— Nzuki, akasema. Nzuki, umebaki nini?

Sista akataka kumshika mkono, Syokau akautoa. Alikuwa amegeuka tena kwetu. Hasira ilikuwa imemtoka kabisa. Alikuwa na sura ya mtu aliyepotea njia, anauliza wenyeji.

— Nyinyi mnakaa naye hapa kila siku, akasema. Asubuhi mpaka jioni. Hamkuona?

Signali akatazama reli. Mimi nilikuwa na uzi mkononi, nikaanza kuuzungusha kwenye kidole. Muktar alishika birika, akaliinamisha juu ya kikombe, na halikutoa kitu, na yeye akaendelea kuliinamisha.

Syokau alikuwa bado anangoja.